Kazi Haiishi Siku ya Mavuno

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mkulima huisha siku ya mavuno. Sivyo. Katika miaka ya 1970 mdudu aitwaye dumuzi aliingia Tabora kutoka Amerika ya Kati, kisha akaenea hata nchi za jirani. Yeye hutoboa mahindi ghalani mpaka yawe unga mtupu. Kwa kumwogopa, mkulima huuza mapema kwa bei ndogo. Njaa ijapo, hununua kwa bei kubwa. Lakini mahindi yakikaushwa vizuri na kutiwa katika chombo kisichoingiza hewa, mdudu hukosa pumzi, hufa. Mwaka 2003, mjini Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga sehemu 1 katika 10 ya fedha za serikali kwa kilimo. Basi, fedha hizo na zifike ghalani pia, maana chakula kilichookolewa ni mavuno ya pili.