Kioo Kinachoelekeza Mwali

Paukwa! Pakawa!

Wanangu, leo sina sungura wala fisi. Nina kioo.

Ukipanda kilima cha Manga unauona mji wa Kisii chini yako, na upande wa pili chai ya Nyamira. Nchi ya vilima hii! Wimbi la redio ya Egesa FM lina urefu wa mita 3 hivi, hujipinda kidogo likavuka mgongo wa kilima, na nyanya aliye bondeni akasikia habari kwa Ekegusii. Wimbi la terahezi 1 halijipindi hivyo. Hutikisika mara trilioni moja kwa sekunde, urefu wake milimita 0.3 tu, na hunyooka kama mwanga. Hubeba data nyingi ajabu, ila lazima lilengwe.

Nani alilenge? Kioo changu: kibati cha silikoni kilichopakwa metali, kinachoning'inia kwenye vikono vyembamba. Kikipewa umeme huvutwa upande mmoja, kikainama. Mmewahi kumulika ukuta wa darasa kwa kipande cha kioo? Mkono ukitikisika kidogo, doa la jua linaruka hadi dirishani. Ndivyo ilivyo: kioo kikiinama digrii 1, mwali hugeuka digrii 2, na kilomita 5 mbele umekosa shabaha kwa mita 175 hivi.

Msidhani nawatungia. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments alibuni chipu yenye vioo vidogo kuliko upana wa unywele. Projekta nyingi hadi leo zinaitumia. Lakini kioo kidogo kuliko wimbi hakiwezi kuliamuru, kwa hiyo vioo vya terahezi hufanywa vikubwa zaidi, au vingi hupangwa vifanye kazi pamoja.

Binamu wa terahezi, mwanga, tayari yuko kazini. Mwaka 2021 mradi wa Taara ulivusha intaneti kwa mwali juu ya Mto Kongo, kati ya Brazzaville na Kinshasa, karibu kilomita 5. Vioo vilijigeuza vyenyewe kila kimoja kikimtafuta mwenzake ng'ambo. Kebo ingezunguka zaidi ya kilomita 400!

Je, terahezi itaruka kutoka Manga hadi mji wa Keroka? Mimi nasema bado. Mvuke wa maji hewani huimeza, na Gusii mvua haikauki. Itafaa ndani ya jengo, au kuvuka barabara. Kati ya kilima na kilima, minara ya maikrowevu bado ndiyo bingwa.