Kidonda cha Muundi Kisipopona, Uliza na Habari za Mfupa

Likizo ya Aprili niliwapeleka watoto Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, kwa babu yao mzaa mama. Sisi watu wa mwambao baridi ya kule kwenye majani chai hutushika vibaya, na jioni ya kwanza sote tulijikusanya jikoni penye moto. Hapo ndipo baba mkwe alipopandisha suruali kujikuna, nami nikauona mguu wake.

Muundi ulikuwa umevimba na kupinda kwa mbele kama upinde, mgumu kama gogo. Juu yake palikuwa na kidonda kinachofunga na kufunguka. Akanieleza kwamba alikipata ujanani, alipokuwa akikata mkonge huku kwetu Kilifi. Mwiba ulimchoma, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Nyumbani wengine walisema amerogwa.

Kwetu kidonda hicho tunakiita donda ndugu. Huanza na mchubuko mdogo mguuni, hasa kwa mtu anayekwenda miguu mitupu kwenye matope, au asiyepata chakula cha kutosha. Vijidudu huingia, nyama ikaoza kwa siku chache. Kikitibiwa mapema kwa kusafishwa na dawa za kuua vijidudu, hupona. Kikiachwa, huchimba mpaka kwenye utando unaofunika mfupa. Utando huo una kazi ya kujenga mfupa, na ukichokozwa kila siku hujenga bila kupumzika, tabaka juu ya tabaka. Baada ya miaka muundi huwa mnene na kupinda. Hiyo ndiyo siri ya mguu wa baba mkwe. Hapana mchawi.

Hatari kubwa iko kwenye ngozi yenyewe. Kidonda kilichokaa miaka mingi, aghalabu zaidi ya 10, chaweza kugeuka saratani. Dalili zake ni kingo kuota na kuinuka, harufu kuzidi, na kutoka damu kwa kuguswa tu. Cha baba mkwe kingo zilikuwa zimeanza kuinuka.

Usiku ule shemeji yangu naye akanionyesha viwiko vyake. Vilikuwa na magamba meupe kama ya samaki, na kidole kimoja cha mguu kimevimba chote kama soseji. Alidhani ni choa na baridi. Nikamwambia, shemeji, hayo huenda yakawa ni maradhi mamoja. Yako maradhi yaitwayo soriasisi, ambayo kinga ya mwili huyafanya maungo yake kuwa adui. Ngozi huota upesi kupita kiasi. Kwa baadhi ya wagonjwa, wanaofikia 3 kati ya kila 10, kinga hiyo hushambulia na viungo, hasa pale kano zinaposhikana na mfupa, kama kisigino. Mfupa huliwa upande mmoja, ukaota vijipembe upande wa pili, na kiungo chaweza kuganda kisikunjike tena. Mara nyingi ngozi hutangulia kwa miaka, basi ngozi ndiyo mjumbe. Nao ugonjwa huu hauambukizi. Mkono unashikwa na sahani inaliwa pamoja.

Asubuhi tukaenda hospitali, sote watatu. Baba alipigwa eksirei, akakatwa kinyama pembeni mwa kidonda kikapelekwa maabara. Tulingoja majibu kwa wiki mbili ambazo mke wangu hakulala vizuri. Saratani haikuonekana. Mfupa hautanyooka, lakini kidonda sasa kinatibiwa ipasavyo. Shemeji naye alipewa rufaa ya kumwona daktari wa viungo.

Nawaomba wenzangu wa pwani mlio na wazee nyumbani: tazameni miguu yao. Kidonda kisichopona kwa mwezi, mpelekeni mgonjwa hospitali, na muulize kama mfupa umeguswa. Mwenye magamba ya ngozi akilalamika kuamka na viungo vikavu, kucha zenye vishimo au kisigino kuuma, amwambie daktari mambo yote mawili kwa pamoja. Akitaja la ngozi kwa huyu na la mfupa kwa yule, hakuna atakayeyaunganisha.

Baba mkwe aliuficha mguu huo ndani ya suruali tangu kabla sijamwoa binti yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.