Protini ya Korodani Inapoamka Mahali Pasipo Pake

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi huona haya kukitaja: korodani, na jinsi protini moja inayofanya kazi humo inavyohusika na saratani (kansa).

Kila chembe hai ya mwili hubeba maagizo tuliyorithi kwa baba na mama. Maagizo hayo huitwa jeni. Lakini chembe ya jicho husoma yale ya jicho tu, na ya ini husoma ya ini. Mengine hubaki yamefungwa. Kazi ya kufungua na kufunga hufanywa na protini maalumu. Mojawapo, iitwayo CTCF, imo karibu katika kila chembe ya mwili.

Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba CTCF ina ndugu, wakamwita BORIS. Kwa mtu mzima mwenye afya, makao ya BORIS ni korodani, ambamo husaidia kutengeneza mbegu za kiume. Panya dume waliokosa protini hiyo walikuwa na korodani ndogo.

Shida ni kwamba katika baadhi ya saratani za matiti, mapafu na ovari, BORIS imekutwa imeamka. Ikishika nafasi ya ndugu yake, huweza kufungua jeni zilizopaswa kufungwa. Wataalamu bado wanabishana: je, inaianzisha saratani, au huamka baada ya saratani kuanza?

Mama mmoja mwenye uvimbe wa titi aliniuliza: "Sista, basi ugonjwa huu nimeupata kwa mume wangu?" La hasha! Jeni ya BORIS imo katika mwili wa kila mtu, mwanamke kwa mwanamume. Haihami kutoka kwa mtu hadi mtu. Asilaumiwe yeyote nyumbani. Kinachoambukizwa kwa kujamiiana ni virusi vya HPV, viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo wapelekeni mabinti wa miaka 9 hadi 14 wakachanjwe. Tangu mwaka 2024 dozi moja inatosha.

Je, kuna tumaini? Lipo. Askari wa mwili hawajazoea protini za korodani. Wakizikuta kwingine wanaweza kuziona kuwa ni wageni. Protini ya kwanza ya kundi hili, MAGE, iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1991. Agosti 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya saratani moja adimu, ambamo askari wa damu ya mgonjwa mwenyewe hufundishwa kuitambua MAGE-A4. Kwa BORIS, kazi bado iko katika utafiti.

Hapa kwetu Babati, basi, usingoje kipimo cha BORIS. Nenda kituo cha afya mapema uonapo:

1. Uvimbe katika titi.
2. Damu ukeni baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi.
3. Uvimbe mgumu katika korodani, hata usipouma.
4. Mtoto wa kiume wa miezi sita ambaye korodani yake haijashuka. Hiyo si saratani, lakini ikiachwa huongeza hatari ya saratani ya korodani ukubwani.

Ikibidi, mtapewa rufaa kwenda KCMC Moshi, Bugando Mwanza au Ocean Road Dar es Salaam. Saratani ya korodani ikiwahiwa hupona mara nyingi. Akina baba na vijana, msione haya mbele ya muuguzi; tumeyaona mengi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.