Mpunga Unaojua Kungoja

Ndugu msikilizaji, Aprili 2024 mto Rufiji ulipofurika na kumeza mashamba, huenda nawe ulijiuliza: mpunga si mmea wa majini? Iweje basi uuawe na maji?

Jibu ni kwamba mmea nao huvuta pumzi. Mpunga ni jamii ya nyasi, ndugu wa mahindi, mtama na muwa. Mizizi yake huvumilia tope kwa kuwa ndani ya bua mna vijia vinavyoteremsha hewa kutoka kwenye majani. Majani yenyewe yakizama, hakuna tena cha kuteremsha, kwani oksijeni hupenya majini polepole mno kuliko hewani.

Hapo mpunga wa kawaida hutapatapa kama mtu anayezama. Ndani yake mna gesi iitwayo ethilini, ile ile inayoivisha ndizi. Nchi kavu gesi hiyo hutoka ikapotea. Majini hunaswa, ikajaa, na kujaa kwake ndiyo kengele ya hatari. Mmea huanza kurefuka mbio ili majani yatokeze juu. Mbio hizo hula akiba yote ya sukari na wanga. Maji yakikaa wiki moja na siku chache, mengi hayabaki. Yakishuka, unakuta majani marefu, dhaifu, yamelala topeni.

Sasa twende India, katika jimbo la Orissa, ambalo leo huitwa Odisha. Wakulima wa huko walikuwa na mpunga wa kale ambao ukizama hautapatapi. Hutulia. Husimamisha kukua, hubana matumizi, hungoja. Maji yakishuka hata baada ya wiki mbili, huchipua tena. Wataalamu waliuchagua na kuupa jina la FR13A. Tatizo lake lilikuwa mavuno haba.

Siri yake ilifichuliwa mwaka 2006. Watafiti wa Marekani pamoja na wa kituo cha kimataifa cha mpunga huko Ufilipino, wakiwamo Pamela Ronald, Julia Bailey-Serres na David Mackill, walitangaza kuwa kazi kubwa hufanywa na jeni moja, waliyoiita Sub1A. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya chembe hai, mzazi akamrithisha mtoto. Agizo hili huamshwa na ile ile ethilini, lakini amri yake ni kinyume: usikimbie, tunza akiba.

Jeni hiyo ikaingizwa katika Swarna, mbegu inayopendwa sana mashariki mwa India kwa mavuno yake. Haikupandikizwa kutoka kwa kiumbe kingine. Ilikuwa ndoa ya mpunga kwa mpunga. Watoto walichujwa kizazi baada ya kizazi kwa kupima vinasaba vyao, hadi akapatikana anayefanana na Swarna karibu kwa kila kitu, ila anajua kungoja. Mwaka 2009 mbegu hiyo iliidhinishwa India kwa jina la Swarna-Sub1.

Lakini tusidhani kungoja ni dawa ya kila gharika. Maji yakikaa mwezi na zaidi, mwenye kungoja hufa. Kwa mabonde ya namna hiyo, kama yale ya Bangladesh, uko mpunga mwingine unaoweza kurefuka hata sentimeta 25 kwa siku, ukayafukuza maji yanapopanda. Mwaka 2009 Wajapani walionyesha kuwa nao huongozwa na jeni zake, mbili, za ukoo mmoja na Sub1A. Kengele ni moja, maagizo ni mawili, na kila moja lina bonde lake.

Ndugu msikilizaji, maabara hazikuibuni Sub1A. Ziliikuta katika mbegu ya wanavijiji, mbegu ambayo kwa mizani ya mavuno pekee ingestahili kutupwa. Nasi tunazo mbegu za kale mabondeni mwetu, na kila mwaka baadhi huachwa kwa sababu mpya huzaa zaidi. Apandaye mpya hana kosa. Ila ile ya zamani ihifadhiwe walau debe moja, na jina lake liandikwe. Ikishapotea, hakuna maabara itakayoirudisha.