Podikasti na Mazungumzo ya Kifalsafa: Ni Nani Anayeitikia?

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utendaji haukamiliki pasipo hadhira. Fanani hutamka "Paukwa!" kisha husubiri. Asipoitikiwa "Pakawa!", hana hadithi ya kuendelea nayo. Makala haya yanatumia kigezo hicho kuichunguza podikasti, hususan ile inayojitambulisha kuwa ukumbi wa mazungumzo ya kifalsafa kuhusu utamaduni, siasa na teknolojia.

Jina lenyewe lilichapishwa Februari 2004 katika gazeti la Guardian la Uingereza, mwandishi Ben Hammersley alipounganisha jina la iPod, kifaa cha kusikilizia muziki, na neno la Kiingereza lenye maana ya utangazaji. Kifaa hicho kilikoma kutengenezwa mwaka wa 2022 ilhali jina limesalia, kama inavyotokea mara nyingi katika lugha.

Kiufundi, nyuma ya podikasti huwa pana faili ndogo ya maandishi iitwayo RSS, ambayo huorodhesha vipindi na mahali sauti ilipohifadhiwa. Programu iliyo katika simu ya msikilizaji huisoma faili hiyo na kumletea kipindi kipya. Kwa hiyo, hata sauti hii tunayoifurahia kwa uasili wake imejengwa juu ya maandishi. Walter Ong, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu usimulizi na uandishi, alikuwa amekwisha kuiweka redio katika kile tunachoweza kukiita usimulizi wa upili, yaani usimulizi unaotegemea kuwapo kwa maandishi. Podikasti ni ya ukoo huo huo.

Faida yake ya kisiasa ni kwamba mwenye kinasasauti na mahali pa kuhifadhi faili haombi masafa ya redio. Podikasti iitwayo Until Everyone Is Free, mathalani, husimulia kwa Sheng maisha ya Pio Gama Pinto, aliyeuawa jijini Nairobi Februari 1965. Ni vigumu kufikiria simulizi kama hiyo, kwa lugha kama hiyo, ikipewa nafasi enzi zile utangazaji ulipohodhiwa na shirika la serikali. Hata hivyo, uhuru huo una mipaka. Mwaka wa 2020 kampuni ya Spotify iliafikiana na Joe Rogan wa Marekani kuwa kipindi chake kipatikane kwake pekee, na kwa miaka kadhaa RSS haikuwa na kazi hapo. Mwenye jukwaa alikuwa amerudi mlangoni.

Lakini je, kinachosikika humo ni falsafa? Hapa hatuna budi kumrejelea Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu miaka ya 1970 aliwaendea wazee wenye hekima, miongoni mwao Paul Mbuya Akoko, akayanasa mazungumzo yao, na matokeo akayachapisha katika kitabu mwaka wa 1990. Hakuridhika na mzee aliyeieleza mila tu, hata kama aliieleza kwa ufasaha. Alimdadisi hadi mzee aseme yeye mwenyewe anaonaje na kwa nini. Aliyeweza kusimama kando ya mila akaipima kwa hoja ndiye aliyemwita mwanahekima wa kifalsafa. Mwanafalsafa Peter Bodunrin wa Nigeria aliukosoa utaratibu huo: zao la mazungumzo kama hayo, alihoji, ni la mzee au ni la wawili hao kwa pamoja? Kwa maoni yangu pingamizi hilo ni zito kwa historia ya falsafa, ila kwa mjadala wetu linatufaa, kwa kuwa linakiri kuwa muulizaji si kipambo. Kwake ndiko fikra inakofinyangwa.

Tukivipima vipindi kwa kigezo hicho, tofauti hujitokeza. Melvyn Bragg, aliyekiongoza kipindi cha In Our Time cha BBC tangu 1998 hadi 2025, aliwakatiza wataalamu wake watatu bila haya pale walipopotea njia. David Edmonds na Nigel Warburton, walioanzisha Philosophy Bites mwaka wa 2007, humhoji mwanafalsafa mmoja juu ya jambo moja, kwa muda mfupi. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, Rogan alizungumza na Donald Trump kwa takriban saa tatu. Urefu huo ulisifiwa kama uwazi, ilhali mengi yalipita bila kudadisiwa.

Hata Bragg hawezi kuuliza swali langu. Katika Phaedrus ya Plato, Sokrate hulalamika kuwa maandishi yakiulizwa hurudia neno lile lile. Podikasti, kwa sauti yake yote, hufanya vivyo hivyo. Pengine ndiyo maana Julai 5, 2024, baada ya maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, wengi waliufuatilia mjadala wa sauti katika mtandao wa X ambamo Rais William Ruto aliulizwa maswali na vijana papo kwa papo. Ile haikuwa podikasti, bali ilikuwa na kile ambacho podikasti haina.

Kai Kresse, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka wa 2007 kuhusu falsafa mjini Mombasa, alivutiwa na baraza: kibao cha nje ya nyumba ambapo mpita njia huketi, husikiliza, kisha hupinga. Ni kweli kuwa baraza la aina hiyo aghalabu limekuwa la wanaume, na binti aliyekuwa ndani alizisikia hoja bila kuzijibu. Leo binti huyo anaweza kufungua podikasti yake mwenyewe. Wale walioketi nje nao watamsikiliza kupitia visikizio, kila mmoja peke yake, wala hawatamjibu.