Unanunua kupe ya dizeli kuipeleka Migori? Pitia haya kwanza

Vijana wetu wa Pwani walioajiriwa bara, walimu, wauguzi, maafisa wa benki, wahandisi wa miradi ya kaunti, wakitaka gari hurudi Mombasa. Bandari iko huku, yadi zimejaa, na kila mtu ana binamu anayemjua dalali. Katika miezi ya karibuni nimeulizwa mara kadhaa swali lile lile, hasa na walioko Migori, Rongo, Homa Bay na Kendu Bay: kuna gari la michezo la milango miwili, linatumia dizeli, bei yake si mbaya, je, ninunue? Pesa yenyewe aghalabu ni mkopo wa sacco wa miaka minne. Kwa hivyo swali hili si la mapenzi ya gari pekee. Ni la mshahara wa miaka minne.

Magari haya huitwa kupe. Kiswahili chetu kina kupe mwingine, yule wa ng'ombe, na mafundi wa Kisauni wamekwisha kuufanya mzaha wao hapo: wote wawili hung'ang'ania na kunyonya. Yanayopatikana hapa nchini ni ya Kijerumani karibu yote. BMW 320d ya milango miwili na mrithi wake 420d, Audi A5 ya TDI, Mercedes-Benz C220 na E220 au E250 za kupe. Mara mojamoja utaona Audi TT ya dizeli. Kutoka Japani hutapata mengi, kwa sababu Wajapani hawakuwahi kuipenda dizeli kwenye magari madogo kama walivyoipenda Wazungu. Kupe ya dizeli unayoiona yadini ina uwezekano mkubwa kuwa imetoka Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu.

Na kwa nini Uingereza wanaziuza rahisi? London inatoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari lenye moshi usiofikia kiwango, na tangu Agosti 29, 2023 tozo hiyo imeenea mitaa yote ya jiji. Kwa dizeli kiwango hicho ni Euro 6, ambacho magari mengi mapya yalianza kukitimiza mwaka 2015. Mwenye dizeli ya zamani kidogo anaiuza kabla haijamfilisi. Haina maana gari ni bovu. Ina maana mwenye kuliuza huenda aliacha kulitunza mwaka wa mwisho, na hilo ndilo la kuchunguza.

Sheria yetu ya umri unaijua: gari likizidi miaka 8 haliingii. Mwaka 2025, kwa mfano, lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikukubaliwa. Kwa hivyo 320d ya 2010 utakayoonyeshwa leo lazima iwe ilishaingia nchini zamani na ina namba ya Kenya ya KB au KC, pamoja na wamiliki wawili au watatu wa hapa. Ukiagiza mwenyewe iliyo ndani ya umri, hesabu ya kodi ni hii: ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 25 kwa injini ya lita 2.0, VAT asilimia 16, halafu zile tozo mbili ndogo za asilimia 2.5 na 2. Kila moja ya zile tatu za kwanza hupandishwa juu ya jumla iliyotangulia, na mwisho wake, kwa viwango hivi vya 2025, gari ambalo KRA imelikadiria kuwa la milioni 1 hulipiwa kodi ya karibu milioni 1 nyingine. Dizeli inayozidi sisi 2,500, kama ile E350 au 430d, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 35. Achana nayo.

Kwa aliyeko Migori kuna mtego wa ziada, nao uko kilomita chache tu, Isebania. Ng'ambo ya mpaka, Sirari, Tanzania haikufunga mlango kwa gari kuukuu kama sisi. Inalitoza zaidi na kuliachia. Ndiyo maana utaletewa kupe nzuri ya namba ya Tanzania kwa bei ya kushangaza, na mtu atakwambia "karatasi tutabadilisha baadaye." Karatasi hizo hazibadiliki. Gari la kigeni linaruhusiwa kuingia kwa kibali cha muda, na likizidi umri haliwezi kusajiliwa Kenya hata ulipe kodi mara mbili. Likikamatwa na KRA njiani kwenda Awendo, mwenye hasara ni wewe uliyeko kwenye usukani, si aliyekuuzia.

Sasa tuje kwenye dizeli yenyewe, maana hapa ndipo pesa za watu zinapozama.

Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Kazi yake ni kukamata ule moshi mweusi. Masizi yakijaa, kompyuta ya gari huongeza joto la ekzosi ili yaungue yageuke majivu. Ili zoezi hilo likamilike, gari linahitaji kwenda mwendo wa kilomita 60 kwa saa na zaidi, bila kusimamasimama, kwa robo saa au dakika 20 hivi. Ukilizima katikati, masizi hubaki, na dizeli iliyonyunyizwa kwa ajili ya kuyaunguza huteremka kwenye oili ya injini. Likirudiwa mara nyingi, oili inakuwa nyepesi na injini inaanza kulika.

Fikiria basi maisha ya gari hilo Migori mjini. Nyumbani Oruba hadi kazini, kazini hadi sokoni, dakika saba, dakika kumi, na kila hatua mia mbili pana tuta au bodaboda. Chujio halipati nafasi ya kujisafisha hata siku moja. Na angalia ujanja usiokusudiwa ulio ndani yake: ukinunua Mombasa ukaliendesha mwenyewe hadi Migori, ni zaidi ya kilomita 800, mwendo ambao chujio hulipenda sana. Utafika taa zote za dashibodi zimezimika na utaapa umepata lulu. Taa ya chujio itawaka wiki ya tatu au ya nne, yadi ikiwa imekwisha kusahau jina lako.

Anayekaa Homa Bay na kufanya kazi Rongo, au anayepita njia ya lami ya Kendu Bay kwenda Kisumu kila wiki, hali yake ni afadhali. Safari kama hizo zinatosha kulitunza chujio. Kwa huyo, dizeli ina mantiki. Kwa anayezunguka mjini tu, hapana, hata kama gari ni zima.

Mafundi wengi watakwambia dawa ni kulitoboa chujio lote na kuidanganya kompyuta. Magari mengi yamefanyiwa hivyo kabla hujayaona. Kujua ni rahisi: pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi. Lenye chujio zima mdomo wake huwa msafi au wa kijivu. Kidole kikitoka na masizi meusi tititi, chujio limepasuka au halimo. Halafu vuta kijiti cha oili. Ikiwa oili imepita alama ya juu na ina harufu ya dizeli, umeambiwa kila kitu bila kuuliza.

Jambo la pili ni mafuta unayotia. Pampu na nozeli za injini hizi hufanya kazi kwa mgandamizo unaofika baa 1,600 hadi 2,000, na kinachozilainisha ni dizeli yenyewe. Ikichanganywa na mafuta ya taa ulainishaji unapotea, pampu hujisaga, na vumbi la chuma husambaa hadi kwenye nozeli zote nne. Uchanganyaji huo ulikuwa umezidi kiasi cha serikali kuweka tozo maalum kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ili faida yake iishe. EPRA hupima vituo, lakini mafuta ya mtungini kando ya njia ya Macalder au Muhuru Bay hayapimwi na mtu. Lori la zamani huyavumilia. Kupe haiyavumilii. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, weka risiti.

Watu huniambia: lakini inakula kidogo. Kweli. Chukua mtu wa kilomita 10,000 kwa mwaka. Dizeli ya kilomita 16 kwa lita inatumia lita 625. Petroli ya kilomita 11 kwa lita inatumia kama lita 909. Tofauti ni lita 284, na kwa bei ya shilingi 180 ni zaidi ya shilingi 50,000 kwa mwaka. Ni pesa, sikatai. Lakini pampu ikisaga mara moja tu, akiba ya miaka kadhaa imekwenda, na spea hizo hazipo Migori; zinaagizwa Nairobi huku gari likilala kwa fundi Kisii.

Injini nazo zina sifa zao. BMW za lita 2.0 zilizotengenezwa kuanzia 2007 hadi miaka ya mwanzo ya 2010 zina cheni iliyowekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, na cheni hiyo ina historia mbaya ya kulika. Kuibadilisha ni mpaka injini au giaboksi ishuke. Injini iliyofuata, ya kuanzia 2014, ni bora. Mercedes za 220 na 250 za mwanzo mwanzo, karibu 2009 hadi 2011, zilisumbua kwa nozeli. Ukienda kutazama, fika asubuhi na ushike boneti kwanza. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameipasha ili usisikie inavyowaka baridi. Mwambie utarudi kesho. Ikiwaka baridi, sikiliza kama kuna mlio wa mnyororo nyuma, karibu na kioo. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokwisha ni nozeli au maji. Kisha lipa fundi mwenye kompyuta ya kupimia asome kiasi cha masizi, na kilomita tangu chujio lijisafishe mara ya mwisho. Fundi huyo asiwe wa yadi.

Mwili wa gari usiudharau. Magari ya Uingereza huliwa na chumvi wanayomwaga barabarani msimu wa baridi, na yakikaa Mombasa huliwa na chumvi ya bahari. Ingia chini na tochi, tazama mabomba ya breki. Milango ya kupe ni mirefu na mizito, ifungue hadi mwisho uone kama inaning'inia. Na tusisahau familia: mama aliyevaa buibui kuingia kiti cha nyuma cha A5 ni kazi ya sarakasi.

Barabara kuu ya kutoka Kisii kupita Rongo, Awendo hadi Isebania ni lami, na Rongo hadi Homa Bay pia. Tatizo ni kuiacha lami. Kupe nyingi ziko sentimita 12 hadi 14 tu juu ya ardhi, na mvua ikinyesha kwenye ule udongo mweusi wa Lambwe hata Probox inaomba dua. BMW nyingi hazina tairi la akiba. Zina tairi ngumu zinazoweza kwenda kama kilomita 80 bila upepo. Likipasuka ubavuni kwa jiwe, hata hizo 80 huzipati.

Upande wa karatasi, kuna kitu kimoja cha bure ambacho watu wetu hawakitumii. Gari la Uingereza lina rekodi ya ukaguzi wa kila mwaka kwenye tovuti ya serikali yao, unaisoma kwa namba yake ya zamani ya usajili. Inaonyesha umbali uliosomwa kila mwaka na kasoro zilizokutwa. Muulize muuzaji namba hiyo. Akisita, una jibu. Kumbuka ni maili: 90,000 za huko ni kilomita 145,000.

Kwa lenye namba ya Kenya, tafuta rekodi ya NTSA kupitia e-Citizen, na upekue pia sajili ya dhamana za mali zinazohamishika iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, maana magari ya namna hii huwekwa rehani sana. Logibuku yenye jina la benki pamoja na la muuzaji bado ni ya benki. Toa amana ndogo kwa maandishi, na salio lote likae kwako hadi muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake na wewe uuone kwenye yako, mkiwa mmeketi meza moja.