Maisha ya Kihambani: Wachagga Kabla na Baada ya Kahawa

Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, iliishia chini, kwenye joto na vumbi la tambarare. Watu walikuwa juu. Kuanzia kimo cha kama mita 1,000 kupanda hadi karibu na msitu, ubavu wa kusini na mashariki wa Kilimanjaro ulikuwa umefunikwa na migomba, na ndani ya migomba hiyo ndimo zilimokaa kaya za Wachagga, kila moja katika kihamba chake. Hapakuwa na kijiji chenye mitaa wala uzio. Mgeni angeweza kutembea mwendo mrefu katikati ya nyumba nyingi asione hata paa moja, jinsi migomba ilivyosongamana.

Kihamba kilikuwa shamba, nyumba, zizi na makaburi kwa pamoja. Mpakani paliota isale, mmea ambao mtu aliyekosana na mwenzake aliubeba alipokwenda kuomba msamaha. Kuung'oa usiku ili kujiongezea hatua mbili za ardhi lilikuwa kosa mbele ya jirani na mbele ya wazee waliolala humo ardhini. Mtoto wa kwanza wa kiume alitafutiwa kihamba chake na baba yake. Kitinda mimba alibaki na wazazi na mwishowe akarithi nyumba. Waliozaliwa katikati hawakuwa na uhakika huo: walimwendea Mangi, mtawala wa eneo, kuomba mahali, au walifyeka pori wenyewe. Nafasi ilipokuwa tele, desturi hiyo haikumuumiza mtu sana. Nafasi ilipoanza kuadimika, ndiyo iliyoamua nani aondoke.

Anayetaka kuelewa kazi ya kihambani na aanze na ng'ombe. Katikati ya migomba hapakuwa na malisho, kwa hiyo ng'ombe hakuchungwa. Alifungwa ndani ya nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, upande mmoja wanyama, upande wa pili kitanda na moto, naye akaletewa chakula alipo. Chakula chenyewe kilikuwa vipande vya mgomba na majani yaliyokatwa tambarare. Waliokwenda kuyakata ni wanawake na wasichana. Waliteremka asubuhi na mundu, wakapalilia mahindi, maharage au ulezi kwenye mashamba ya chini, wakafunga mizigo ya majani, kisha wakaupanda mlima na mzigo kichwani, njia yote ikiwa ni mwinuko. Jioni ng'ombe akala. Kesho yake samadi ikazolewa na kumwagwa kwenye mashina ya migomba.

Hivyo basi, rutuba ya vihamba ambayo wageni wengi waliisifu ilipanda mlimani siku kwa siku juu ya vichwa vya wanawake. Jambo hili halitajwi vya kutosha. Watu husimulia habari za Mamangi, za wamisionari na za bei ya kahawa, lakini shamba linalolimwa mahali palepale kizazi baada ya kizazi bila kuchoka linahitaji mtu wa kulilisha, na mtu huyo alikuwa mama mwenye ngata.

Kulikuwa na kipindi kimoja ambacho hakuruhusiwa kubeba kitu. Mwanamke aliyejifungua alikaa ndani kama miezi mitatu. Alipikiwa mtori, ndizi zilizochemshwa na nyama mpaka zikapondeka, akapewa siagi na mlaso, yaani damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa au mafuta. Mume asiyechinja kipindi hicho alitia aibu ukoo mzima. Muda ukitimia, mama alitoka akiwa amependeza, akaenda sokoni kuonekana na kupongezwa. Soko lilikuwa la wanawake. Huko walibadilishana ndizi, nafaka na magadi, na huko ndiko habari za koo zote zilikokutana.

Na mbege? Bila mbege hakuna lililokamilika, iwe posa, kazi ya pamoja au hukumu. Pombe hii ilihitaji shamba la juu na la chini kwa pamoja, ndizi kutoka kihambani na ulezi kutoka tambarare. Ndizi mbivu zilichemshwa kwa muda mrefu hadi zibadilike rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zikachanganywa na maji na kuchujwa. Pembeni, ulezi uliloweshwa, ukaoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa na kupikwa uji. Viwili hivyo vikachanganywa, pamoja na gome la mti wa msesewe kwa ajili ya uchungu, na kwa kawaida kesho yake pombe ikawa tayari. Ilinywewa kwa kata, kwa kufuata umri, baada ya kidogo kumwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Kijana aliyepokea kata kabla ya mzee alionyesha kwamba hakufundishwa kwao.

Ulezi huo usingeota kiangazi kama si mfongo. Huu ni mfereji wa kumwagilia uliochepuliwa kutoka mtoni, juu kabisa kwenye makorongo, kwa boma la mawe, magogo na udongo, ukaongozwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana hadi kwenye vihamba na mashamba ya chini. Penye bonde dogo maji yalivushwa kwa magogo yaliyochimbwa katikati. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, aliistaajabia mifereji hiyo. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha kuonyesha usawa wa ardhi. Walichimba, wakaachia maji, wakaangalia yanavyokwenda, wakarekebisha.

Mfongo ulikuwa na wenyewe: ukoo wa mtu aliyeuchimba kwanza. Mzee wa ukoo huo aliongoza sadaka kwa ajili ya maji, akaita watu kazini na kupanga zamu. Kabla ya kiangazi pembe ilipigwa, wanaume wakapanda na majembe kuzibua matope na kuziba mianya. Aliyekosa bila sababu alitozwa faini, mara nyingi ya pombe, na akizidi kukosa alinyimwa maji. Adhabu ya pili ndiyo iliyoogopwa. Kazi nyingine za pamoja ziliitiwa msaragambo kwa namna hiyo hiyo. Hapo ndipo Wachagga walipojifunzia uendeshaji wa chama, na ni muhimu kulikumbuka hilo tutakapofika kwenye ushirika.

Elimu ya mtoto ilifuata kazi hizo. Otto Raum, mtoto wa mmisionari Johannes Raum, alitoa mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto wa Wachagga, na jambo linalojitokeza humo ni jinsi watoto walivyojifundisha wenyewe kwa kuiga wakubwa katika michezo. Msichana mdogo alibeba tita dogo la majani nyuma ya mama yake. Kila mwaka tita liliongezeka. Mvulana alitumwa kuangalia mbuzi na kusaidia kwenye maji. Salamu zilifundishwa mapema na kwa ukali: kila mtu alikuwa na cheo chake, mzee wa kiume meku, mama mae, na mtoto aliyempita mtu mzima bila kumsalimu alifika nyumbani akakuta taarifa zake zimemtangulia.

Baada ya tohara vijana walipelekwa msituni kwenye mafunzo ya ngasi. Kifaa cha kufundishia kilikuwa mregho, fimbo iliyochongwa alama kutoka juu hadi chini. Mwalimu aliweka kidole kwenye alama, akaeleza somo lake, akahamia inayofuata: mimba inavyokua mwezi kwa mwezi, mume anavyopaswa kuishi na mkewe, heshima kwa wakwe, wajibu kwa wazee. Mwanafunzi alirudia hadi alama ile imkumbushe maneno yote. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi zaidi Moshi ya Kale, aliyaandika mafundisho hayo kwa msaada wa wazee na walimu wa Kichagga, nayo yakajaza mabuku matatu. Ni vigumu kuyatazama mabuku hayo na bado kusema kwamba shule zilianza Kilimanjaro walipofika Wazungu.

Hata hivyo shule za ubao na chaki zilikuja, na zilikuja katika wakati mgumu. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwaka 1891, Walutheri wa Leipzig wakafungua Machame mwaka 1893. Mwaka 1900 Wajerumani, waliokuwa wakitawala wakati huo, walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine. Kodi ya nyumba ilikuwa imeshaanza kudaiwa, na aliyekosa fedha alilazimika kuzitafuta kwenye mashamba ya walowezi. Juu ya hiyo kulikuwa na kazi za Mangi, ambazo hazikulipwa. Mzazi aliyesikia mtoto wake anatakiwa kukaa chini ya paa la mgeni asubuhi nzima aliona ni mzigo mwingine wa aina hiyo hiyo. Nani angekata majani?

Kilichowageuza wengi ni matokeo waliyoyaona. Aliyejua kusoma aliweza kuwa karani, mkalimani au mwalimu, na hakubebeshwa mizigo ya msafara. Mwaka 1912 Walutheri walifungua chuo cha walimu Marangu. Palikuwa na mvutano juu ya lugha. Gutmann alishikilia Kichagga kwa imani kwamba watu wasitenganishwe na ukoo, rika na ujirani wao, na hata vijana wa kipaimara aliwapanga wawili wawili kwa mfano wa undugu wa zamani wa rika. Vijana wenyewe walitaka Kiswahili, kwa sababu serikali na biashara zilikuwa zikiongea Kiswahili. Gutmann aliona vizuri thamani ya kilichokuwapo. Ila vijana ndio waliojua wanakokwenda, na mimi nipo upande wao.

Halafu mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani. Ungetarajia shule zife. Walimu wa Kichagga waliendelea kufundisha na kuongoza ibada, na wageni waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta kazi inaendelea.

Fedha za ada na nguo zilitoka kwenye kahawa. Mbegu za arabika zilifika kupitia misheni, Kilema ikitajwa kuwa mahali pa kwanza, na kabla ya vita waliopanda walikuwa wachache, wengi wao Mamangi na watu wa misheni. Baada ya vita ofisa wa wilaya, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga wote wapande. Mibuni ilikaa vizuri chini ya kivuli cha migomba, ikala samadi ileile, ikanywa maji ya mfongo uleule. Hapakuhitajika shamba jipya. Walowezi walipinga, wakidai kwamba Waafrika wataeneza magonjwa ya mibuni na kuwaibia kahawa. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, pingamizi kama hizo zilishinda, na kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kulima arabika.

Uchaggani hazikushinda, na sababu moja ni kwamba wakulima walijipanga mapema. Mwaka 1925 waliunda Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo wa Moshi ya Kale, mtu aliyelelewa misheni, aliyewahi kwenda Ujerumani na kufanya kazi na Dundas. Chama kiligawa dawa za wadudu, kiliuza kahawa kwa pamoja na kilisema wazi wazi ardhi ni ya nani. Serikali haikupenda sauti hiyo. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, ushirika wenye vyama vya msingi katika kila eneo na meneja Mzungu, A. L. B. Bennett. Umbo lilikuwa jipya, lakini mkulima aliyezoea zamu za maji, faini na mzee mmoja wa kuulizwa hesabu hakuhitaji kufundishwa kwa nini watu wafungwe na kanuni moja.

Nyumbani mambo yalibadilika bila usawa. Nyumba za pembe nne zenye madirisha zilianza kuonekana kati ya misonge. Kihamba chenye mibuni kilikuwa mali ambayo mtu hakuiacha kirahisi, na kesi za mipaka zikaongezeka mbele ya Mamangi. Mume ndiye aliyeitwa mwenye kahawa na ndiye aliyepokea malipo, ilhali mke na watoto walichuma, walimenya na kuanika. Majani ya ng'ombe hayakupungua hata tita moja. Wasichana wengi walikaa nje ya darasa kwa sababu hiyo hiyo iliyowafanya wazazi wa mwanzo walalamike.

Na wale wana wa katikati sasa walikuwa na njia ya tatu mbali na Mangi na pori. Baba aliyekuwa na kihamba kimoja na wana wanne alimpa wa kwanza ardhi, akamwachia wa mwisho nyumba, na wawili wa katikati akawalipia shule kwa fedha za kahawa ili watafute ualimu, ukarani au udereva huko mbali. Shule ikawa urithi wa asiye na urithi.

Bei za kahawa zilikuwa zimeanguka tangu mdororo wa uchumi wa dunia. Sheria ilimlazimisha kila mkulima auze kupitia KNCU, na Mamangi walitumwa kuisimamia. Mwaka 1937 watu wa maeneo kadhaa walikataa, wakavamia majengo ya ushirika na kuyaharibu, na serikali ikatuma nguvu kuwatuliza. Kwa mtu wa mfongo hasira hiyo ilieleweka: mzee wa maji aliweza kuulizwa mbele ya watu wote maji yamekwenda wapi. Mkulima wa kahawa aliyeona malipo yake yamepungua hakuwa na mtu wa kumuuliza hivyo. Alikuwa na stakabadhi mkononi na ofisi iliyo Moshi mjini, na sasa alikuwa na mtoto aliyeweza kumsomea stakabadhi hiyo.